Maneno ya Hatua Saba

"Hivi nyinyi hapo, hasa mnauza nini?"

Swali hilo Msusi wa mlango wa pili aliliuliza siku moja akiwa amesimama nje ya chumba chake cha kazi, chanuo mkononi, mteja wake ameketi kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka. Aliuliza kwa mzaha tu, kama mtu anavyomrushia kuku punje. Mama Pasi alikuwa ameinama anapuliza mkaa kwenye pasi yake. Akainuka taratibu, mkono kiunoni.

"Tunafua, jirani. Tunafua na kupiga pasi. Kwani leo ndiyo unajua?"

"Kufua si kuuza," Msusi akasema. "Maji kila mtu anayo. Sabuni kila mtu anayo. Hata mikono kila mtu anayo, ila wavivu. Mimi nauza uzuri. Yule wa kona anauza dawa. Nyinyi mnauza nini, hata mtu aache beseni lake nyumbani, afunge nguo zake chafu furushi, apite nazo barabarani zionekane?"

Yule mwenye nusu kichwa akacheka. Mama Pasi akapuliza mkaa mara ya mwisho. Akarudi ndani na pasi yake, na lile swali likamfuata kama mwiba unaoingia kidoleni bila kutoa damu.

Zamani swali la namna hiyo lisingemfikia. Lingeishia kaunta, kwa mumewe. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kola, kwa sababu kola alizozitia wanga zilisimama kama askari wa zamu. Miaka ishirini na saba walifanya kazi hivyo: Mzee Kola mbele, Mama Pasi nyuma, katikati pazia. Mzee alipokea nguo, alizifua uani alfajiri, akazikabidhi kwa wenyewe jioni. Mama alisimama kwenye meza ya pasi, blanketi kuukuu chini, bakuli la maji ya kunyunyizia pembeni. Maneno yalikuwa kazi ya mumewe. Yeye kazi yake ilikuwa joto.

Kisha kiharusi kikaja asubuhi moja, Mzee akiwa na shati la mtu mkononi. Mungu alimwachia uhai, akamwachia mkono wa kushoto, na kwenye ulimi akamwachia neno moja tu.

"Umeshiba?"

"Haya."

"Mguu unauma?"

"Haya."

Akikasirika, haya. Akicheka, haya. Na akilia, maana siku hizi alikuwa akilia, mtu ambaye hakutoa chozi hata alipomzika mamaye, alisema haya vilevile. Binti yao wa mwisho, waliyezoea kumwita Kitinda, alisema baba amekuwa kama redio iliyobakiwa na stesheni moja. Mama yake alimfinya kwa kusema hivyo, halafu akaenda uani akacheka peke yake, na kicheko kikageuka kilio, akarudi ndani macho mekundu akisingizia moshi wa mkaa.

Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu asubuhi ile.

*

Mzee Kola hakuwahi kuandika namba. Kila mteja alikuwa na alama yake ya uzi, iliyoshonwa ndani ya kola au kwenye kiuno cha suruali: huyu mishono miwili myekundu, yule msalaba wa bluu, mwingine mshono mmoja mweupe uliolala. Daftari halikuwapo. Daftari lilikuwa kichwa cha Mzee, na kiharusi kilikuwa kimelifunga.

Mama Pasi aliziogopa zile nyuzi. Akafanya kama alivyosikia wanafanya duka la mashine za kufulia, lile lililofunguliwa ng'ambo ya barabara na kioo kirefu na ubao unaong'aa: LETA LEO, VAA LEO. Akakata vipande vya karatasi, akaandika namba, akavibana kwa pini. Karatasi na maji ni paka na panya. Namba zikafutika, pini zikadondoka, na Jumatatu moja Karani wa ofisi ya maji akaingia na kusimama katikati ya chumba, mbele ya wateja wawili.

"Mama, niangalie."

Mama Pasi akamwangalia. Suruali ilikuwa imepigwa pasi vizuri kabisa, ila ilikomea juu ya vifundo vya miguu.

"Nimevaa gizani, umeme ulikatika," Karani akasema. "Nimefika kazini, mkuu wangu ananiuliza kama mto umefurika."

Wateja wakacheka. Mmoja akajifanya anakohoa.

"Nisamehe, baba. Hebu subiri, yako nitaitafuta sasa hivi." Akapiga magoti, akapekua tenga, akapekua rafu, akafungua hata furushi ambalo lilikuwa limeshafungwa. Suruali nyeusi zilikuwa kumi na tatu, na zote zilimtazama kwa uso mmoja.

"Miaka kumi na moja naleta nguo hapa," Karani akasema, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. "Mzee hakuwahi kuniuliza jina. Na hakuwahi kunipa ya mtu."

Akatoka, suruali yake fupi inapepea. Mama Pasi akiwa bado chini sakafuni alimwona akivuka barabara, akasimama mbele ya kile kioo kirefu, akasoma ubao, akaingia.

Siku ileile akaja Bwana Mdogo. Huyu alikuwa mtoto wa mwenye nyumba, aliyeachiwa jengo na babake na tayari alikwisha kubadilisha makufuli yote. Aliingia bila hodi, shikamoo yake akaitupa huku anatazama simu.

"Mama, Jumamosi fundi rangi anapita kupaka mbao za vyumba vyote. Jina la kazi, na chini yake mstari mmoja wa kuvuta wateja. Ule wenu umefutika, mtu akipita anadhani ni stoo."

"Tutakuwa tumeshaandaa, mwanangu."

"Andaeni vizuri. Watu wa mashine wananiomba chumba cha kuwekea nguo." Akainua macho, akamtazama Mzee Kola kwenye kiti chake cha nyuma, kupitia pazia lililokuwa wazi. "Mimi sina ubaya. Ila chumba kisichojua kinafanya kazi gani, nitampa anayejua. Mwisho wa mwezi nitaamua."

"Haya," Mzee Kola akasema.

Bwana Mdogo akadhani amekubaliwa. Akaondoka ameridhika.

*

Kitinda alikuwa anafanya kazi kwenye duka la kuchapa karatasi, kwa hiyo mambo ya matangazo aliyajua. Jioni hiyo, kabla sahani hazijatolewa, akafungua daftari.

"Sikilizeni. 'Usafi ni sisi.'"

"Na wengine ni uchafu?" mama yake akauliza.

"'Ng'aa kama nyota.'"

"Nyota zenyewe nani anazifulia?"

"Mama! 'Mteja ni mfalme.'"

"Mfalme gani anakuja na soksi zinanuka vile?"

Kitinda akacheka, akatupa kalamu. "Basi sema wewe. Maneno ya biashara lazima yamguse mtu, Mama. Yamwambie kitu ambacho kwingine hakipati. Wale wa ng'ambo wanauza haraka. Sisi hatuna haraka. Tuna nini?"

Ndilo lile swali la Msusi, limevaa nguo nyingine. Mama Pasi akakusanya sahani.

"Tuandike ya Baba," Kitinda akasema ghafla.

"Ya Baba yapi?"

"Si unajua? Alipomkabidhi mtu nguo alikuwa na maneno anamwambia. Nikitoka shule nilikuwa nakaa pale kwenye ngazi, nawaona wanatoka wanatabasamu. Kila mtu! Hata yule mwenye duka la misumari, asiyecheka na mtu. Maneno yenyewe yalikuwaje?"

Sahani zikasimama mikononi mwa Mama Pasi.

Hakujua. Miaka ishirini na saba sauti ya mumewe ilimfikia nyuma ya pazia kama sauti ya mtu anayesali chumba cha pili: unajua anasema, hujui anasema nini. Pasi ilikuwa inachoma, maji yanafoka kwenye kitambaa moto, na akili yake ilikuwa kwenye mikunjo. Hakuwahi kuuliza. Mwenye kisima uani haulizi maji yanatoka wapi.

Akaweka sahani chini, akaenda kuchuchumaa mbele ya kiti cha mumewe.

"Baba Kitinda. Ulikuwa unawaambiaje?"

Mzee Kola akamtazama. Midomo ikajikunja, ikatafuta, shingo ikatoka mishipa kama mtu anayevuta ndoo nzito. Mkono wa kushoto ukapiga paja mara mbili.

"Haya," akasema. Akatikisa kichwa kwa hasira, siyo hiyo, siyo hiyo. "Haya. Haya!"

"Basi, basi, baba. Pumzika." Akamfuta mdomo kwa upindo wa gauni lake. Na usiku ule kwenye sala zake hakuomba afya. Afya alikwisha kuiomba, alikuwa anasubiri jibu. Aliomba ile sentensi moja tu. Mungu aliyeumba maneno yote, akaona, hawezi kukosa hilo moja.

*

Alhamisi mchana akafunika mkaa, akamwacha Mzee na Kitinda, aliyeomba ruhusa kazini, akaenda kuwauliza wateja wenyewe.

Mwalimu mstaafu alimkaribisha barazani kwake, akavua miwani kwanza, kama mtu anayetaka kusikia vizuri zaidi.

"Maneno aliyoniambia? Nayajua kwa moyo. Alikuwa anakunja shati, ananipa, halafu ananong'ona: 'Mwalimu, mfuko wa kulia ulikuwa na chaki tena. Wewe umestaafu, chaki haijastaafu.'" Akacheka hadi akakohoa. "Kila juma, mama! Na mimi kila juma nilikuwa naitia makusudi, ili aniambie."

"Na wengine aliwaambia hivyo?"

"Wengine wana chaki wapi?"

Akashuka barazani na nusu ya matumaini. Akamkuta Muuguzi anatoka zamu kwenye lango la zahanati, mkoba begani, viatu mkononi kwa uchovu.

"Mzee hajambo? Jamani. Mimi alikuwa ananiambia kitu kimoja tu." Muuguzi akatazama kando, kwenye ukuta. "'Doa limetoka. Lilikotoka sikuuliza.' Basi. Unajua, mama, yale madoa yetu ni ya watu. Mengine ni ya watu ambao hawakuamka. Wa nyumbani wanauliza, hii ni nini, hii ni ya nani. Yeye hakuuliza. Nilikuwa nikiondoka pale natembea mwepesi hadi kwangu."

Mama Pasi akamshika mkono.

Wa mwisho alikuwa mke wa marehemu fundi saa. Kwake saa za ukutani zilikuwa bado zimening'inia, kila moja na wakati wake, hakuna iliyokubaliana na mwenzake. Alimpa Mama Pasi kiti, akasimama yeye.

"Baada ya mazishi nilileta mashati sita," akasema. "Nilitaka yafuliwe niwape ndugu. Mzee akanirudishia matano yamenyooka. La sita limekunjwa tu, halikuguswa na maji. Nikamwambia, hili umelisahau. Akasema, 'Hili sikulifua, mama. Likiisha kunukia, lilete. Tutalifua bila haraka.'"

Ukutani saa zikaendelea kubishana.

"Ulishalileta?" Mama Pasi akauliza.

"Bado," akajibu yule mwanamke. "Ni mwaka wa nne."

*

Njiani Mama Pasi alitembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili, kila mkono ndoo yake. Upande mmoja fahari. Kumbe ndiye aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja! Mtu aliyeshika shati la marehemu, akalinusa, akajua la kuliacha.

Upande wa pili, wivu. Wivu mchungu, wa aibu, wa mtu mzima aliyepaswa kujua. Kila mtu alikuwa na maneno yake. Mwalimu alikuwa nayo mfukoni pamoja na chaki yake. Muuguzi alikuwa nayo. Yule mjane alikuwa nayo kwa miaka minne. Na yeye? Yeye alipewa nini kupitia pazia lile? "Leta la bluu." "Pasi imepoa?" "Mama, harakisha kidogo, mwenyewe amefika." Nguo za nyumbani zilifuliwa mwisho, kwa maji yaliyobaki, zikapigwa pasi kwa joto lililobaki, hazikutiwa alama kwa sababu zingepotelea wapi? Hakuna siku hata moja ambayo mumewe alimkunjia nguo, akamtazama machoni, akamwambia neno.

Hakuwa na kinyongo. Walikuwa na kazi, walikuwa na watoto wa kusomesha. Ila aliitamani ile sauti, na alitamani imgeukie yeye.

"Umeyapata?" Kitinda akamdaka mlangoni.

"Nimepata matatu. Hakuna hata moja la kuandika ubaoni."

"Mawili tuunganishe?"

"Mwanangu, ubaoni utakalisha chaki na damu pamoja?"

Ijumaa akarudi kwenye pasi. Nguo zilikuwa chache sasa, tenga moja na nusu. Akachukua shati jeupe, akalitandaza, na ile karatasi ya namba ikadondoka, imelowa. Akaguna. Lakini kabla hajaguna vizuri, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kiwiko cha kulia, pale panapohitaji maji zaidi kwa sababu kitambaa kimelika.

Akasimama. Kiwiko cha kulia kimelika kwa nini? Kwa miaka arobaini ya kuegemea meza na kuandika. Hili ni la Mwalimu.

Akageuza kola. Mishono miwili ya kijani.

Akavuta nguo nyingine. Gauni la kazi, bega moja limeshuka kwa mkoba mzito. Muuguzi. Akageuza: msalaba mweupe. Nyingine: vifungo vimekazwa upya vyote isipokuwa cha tumboni, mtu anayekula vizuri na kushona vibaya. Yule wa misumari! Akaanza kucheka. Akaiendea rafu, akashusha zile suruali nyeusi kumi na tatu zilizomfedhehesha, akapitisha kiganja kwenye moja baada ya moja. Ya sita, magoti yote mawili yamefubaa, sawasawa, ya mtu anayepiga magoti kila siku bila kukosa. Karani, miguu yake mirefu, sala zake ndefu. Ndani ya kiuno, mshono mmoja wa bluu umelala.

Miaka ishirini na saba mikono yake ilikuwa inawajua watu wa mji huu, na yeye mwenyewe hakuwa na habari.

Akazikusanya karatasi za namba, akazitia kwenye mkaa.

*

Jumamosi fundi rangi akafika na ngazi, makopo mawili na brashi ameibana sikioni. Alikuwa mtu mpole, mwenye madoa ya rangi za kila duka la mjini.

"Mama, nikwambie siri ya kazi," akasema. "Maneno ya ubaoni mtu anayasoma akiwa anatembea. Anazo hatua saba. Zikiisha, ameshafika kwa jirani. Ukiniandikia hotuba, utamwandikia Msusi."

"Mwache aandike!" Msusi akapaza sauti kutoka mlangoni kwake. "Nitakula wateja wake bila kunawa."

Bwana Mdogo naye alikuwapo, anakagua mbao. Kitinda akamtoa baba yake, akamweka kiti nyuma ya kaunta apate kuona mtaa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kukaa mahali pake.

"Haya, semeni," fundi rangi akasema. "Jina nimeshaliweka. Mstari?"

Mama Pasi akafuta mikono. Alikuwa ameyasema maneno yale chinichini tangu jana, juu ya mkaa, juu ya sabuni, lakini kuyasema mbele za watu kulimtia baridi.

"Andika: Hapa kila nguo ina mwenyewe."

Bwana Mdogo akacheka kwa pua.

"Mama, hayo si maneno ya biashara. Kila nguo ina mwenyewe, nani asiyejua? Sema bei. Sema haraka. Sema sabuni yenye harufu."

"Harufu wanayo ng'ambo, mwanangu. Haraka pia wanayo. Sisi tunacho hiki."

Fundi rangi alishuka kwenye ngazi, akaenda hadi kwa Msusi, akageuka, akaanza kutembea kama mpita njia, midomo inacheza. Hatua ya kwanza, ya pili. Ya sita akasimama.

"Imebaki moja," akasema, akapanda ngazi tena.

Alikuwa kwenye neno la tatu Karani alipotokea ng'ambo, kwenye mlango wa duka la mashine, mfuko wa plastiki mkononi. Hakuwa anakuja. Alikuwa anapita, na alipita upande wa kule, lakini jicho lake likavutwa na brashi kama jicho la kila mtu linavyovutwa na mtu aliye juu ya ngazi. Mama Pasi akamwita.

"Baba! Samahani. Suruali yako ninayo."

Karani akavuka, shingo upande. "Una hakika ni yangu, mama? Wewe utaijuaje, zote si nyeusi?"

Mama Pasi akaileta. Aliishika kwenye kaunta kwa mikono miwili, imekunjwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa upande wa mbele wa pazia akiwa na nguo ya mtu mkononi, mtu mwenyewe mbele yake, na neno la kumwambia. Moyo ulikuwa unampiga kama wa bibi harusi.

"Magoti nimeyatia kitambaa kwa ndani," akasema. "Usipunguze kuyapiga. Ukifika huko kwenye sala zako, na sisi ututaje."

Karani akafungua suruali, akatazama magoti. Akamtazama Mzee Kola kwenye kiti, kisha Mama Pasi, kisha akaikunja mwenyewe polepole.

"Jumatatu nitaleta mashati," akasema.

Bwana Mdogo alikuwa amesikia. Akakuna kidevu, akarudi kwenye simu yake. "Tutaona mwisho wa mwezi," akasema, na kwa mara ya kwanza akaaga vizuri.

*

Alasiri fundi rangi alikuwa amekwenda zake, herufi zinakauka, Kitinda anafagia. Mzee Kola alikuwa bado kaunta, amekataa kurudishwa nyuma. Kila walipogusa kiti chake alisema haya kwa ukali.

Mama Pasi akaingia chumbani kwao, nyuma ya duka, akafungua sanduku, akatoa gauni lake la kwenda ibadani. La zambarau, jepesi, alilonunuliwa na mtoto wao wa kwanza alipopata kazi. Lilikuwa safi. Alilifua mwenyewe juma lililopita. Akalitia kwapani, akatoka kwa mlango wa uani, akazunguka jengo lote kwa nje, akapita mbele ya Msusi, akaingia dukani kwake mwenyewe kwa mlango wa wateja.

"Hodi," akasema.

Kitinda akaacha kufagia. "Mama, unafanya nini?"

Mama Pasi akaliweka gauni juu ya kaunta, upande ule wanakosimama wateja, mbao zimeingia shimo kwa viwiko vya watu.

"Nimeleta gauni," akamwambia mumewe.

Mzee Kola akamtazama kwa muda mrefu. Akavuta gauni kwa mkono wa kushoto. Akageuza kola, akatafuta kwa kidole gumba, kushoto, kulia, akatafuta tena. Hakukuwa na uzi. Akainua uso, na uso ule ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa.

Akapapasa chini ya kaunta, akatoa kopo la nyuzi. Kitinda akaruka kumsaidia kutunga sindano, mama yake akamzuia kwa jicho. Mzee akaichomeka sindano kwenye ukingo wa kaunta ikasimama, akalamba uzi, akajaribu. Akakosa. Akalamba tena. Msusi alikuwa ametokeza kichwa mlangoni, na kwa jinsi Mungu anavyojua kutenda makuu, hakusema neno. Mara ya tisa, au ya kumi, uzi ukapita.

Ulikuwa wa manjano. Mama Pasi alikuwa amepiga pasi kola za mji mzima, na hakuna kola aliyowahi kuona ina uzi wa manjano.

Mzee akalibana gauni kwenye kaunta kwa ule mkono wake uliokufa, akashona kwa uliobaki. Mishono mitatu, imepinda kama nyayo za kuku. Akakata uzi kwa meno. Akalikunja, vibaya, mkono mmoja nje, akalinyoosha kwa kiganja, akalikunja tena. Halafu akalisukuma juu ya mbao hadi kwa mkewe, akainua macho, akamtazama sawasawa, na midomo ikaanza kutafuta.

Mama Pasi akasubiri. Hakumharakisha, hakumfuta mdomo. Aliegemeza viwiko vyake pale walipoegemeza Mwalimu na Muuguzi na yule mjane, akangoja zamu yake.

"Haya," Mzee Kola akasema, taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayenong'ona siri ya mfukoni.

Mama Pasi akalichukua gauni lake kwa mikono miwili, akalilaza mkononi kama wateja wanavyolaza nguo zisikunjike, akageuka, akatoka kwa mlango wa mbele.